Simba wa Mukau Kwenye Pua ya Gari

Nianze na viatu. Baba mkwe wangu alikuwa na viatu vyeusi vya kamba, cha kushoto kimepasuka pembeni na kushonwa kwa uzi wa kahawia. Soksi za kijivu. Suruali ya kaki iliyopigwa pasi ya makaa mpaka ule mstari ungeweza kukata nyanya. Shati jeupe la vifungo sita, cha tatu kutoka juu si cha ukoo mmoja na wenzake. Hapo ndipo ujuzi wangu ulipoishia. Kuanzia kola kwenda juu, sikumjua.

Asiye Mkamba ataniuliza nilikuwa kipofu au vipi. Sikuwa kipofu, nilikuwa na adabu. Ukweni kuna haya, sisi tunaiita thoni, na kijana anayeposa hamkodolei mzee macho kama anayechagua ng'ombe mnadani. Unainamisha kichwa, unajibu ukiulizwa, na wa kukusemea ni mtu uliyekuja naye. Mimi nilikuja na rafiki yangu, ambaye haya yoyote aliyozaliwa nayo iliisha kabla hajaota meno. Kwa sababu hiyo nilimchagua yeye.

Rafiki yangu huyo tulichunga mbuzi pamoja huko Kitui, tukachapwa na mwalimu mmoja, kisha tukaachana njia. Mimi nikawa mwalimu, nikaanza kuchapa watoto wa wenzangu. Yeye akashika tezo, akawa mchongaji wa vinyago vya watalii. Alikuwa na twiga, ndovu na swala, basi, na wote aliwachonga kwa mkono mwepesi kama anayemenya viazi. Mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko mkono.

Msichana tulikutana chuo cha ualimu. Kwao ni Matiliku, ambako siku hizo kulihesabiwa kuwa Machakos, maana Makueni ilikuwa haijapewa wilaya yake. Babake alikuwa mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kufungua ibada bila kipaza sauti. Siku ya kwanza tulipokwenda kujulisha nia, tulikaa kwenye viti vya mbao sebuleni, mimi macho kwenye kile kiatu cha uzi wa kahawia, rafiki yangu kamkazia mzee macho kama wamesoma darasa moja.

"Kitui," mzee akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa. "Kitui ni mbali. Tena ni kwa waganga."

"Mzee, waganga wetu walishaokoka wote," rafiki yangu akamjibu. "Walibaki walimu tu, na hao hata dawa ya kikohozi hawajui."

Hakuna aliyecheka. Nikasikia mzee akivuta pumzi.

"Mimi nina wasichana wawili. Mkubwa aliolewa huko pwani. Tangu aende nimemwona mara mbili, na mara moja ilikuwa matanga. Huyu nikimpeana Kitui, nitamwona lini?"

Swali lile halikuwa la mzaha. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kazi yangu, kanisa langu, hata mababu zangu. Sikuwa nimejiandaa kuulizwa na mzee atamwona mtoto wake lini.

"Kila mwisho wa mwezi," rafiki yangu akasema bila kupepesa. "Huyu kijana ana gari."

"Gari ya nani?"

"Yake, mzee."

"Basi akuje nayo siku ya mbuzi. Nikiiona hapa kwa uwanja, tutachinja. Nisipoiona, mtarudi na mbuzi wenu."

Mbuzi wenyewe ni wa ntheo. Ni watatu, wanapelekwa kwa wazazi wa msichana, na mmoja akishachinjwa na nyama kuliwa, msichana ni wako. Bila hao mbuzi, hata uzae naye watoto kumi na kuwasomesha wote, wewe ni mpita njia aliyeomba maji. Tukapangiwa Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Agosti. Zilikuwa zimebaki wiki saba.

Na gari lilikuwepo, rafiki yangu hakudanganya. Lilikuwa steshenwagoni ya Kifaransa ya safu tatu za viti, nyeupe enzi za ujana wake, na simba mdogo wa chuma puani. Nililinunua kwa hedimasta aliyestaafu. Siku ya kunikabidhi ufunguo alitokwa machozi, na baada ya mwezi mmoja wa kusukuma nikaelewa kwamba yalikuwa ya furaha. Hata hivyo lilikuwa langu, na shuleni pale hakuna mwalimu mwingine aliyekuwa na zaidi ya baiskeli. Nililiringia.

Wiki moja baada ya kutoka Matiliku, rafiki yangu akaja kuliazima. Alitaka kupeleka twiga Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, ambako magari ya watalii husimama watu wanyooshe miguu na kunywa soda.

"Unajua kuendesha?" nikamuuliza.

"Mimi? Nimeendesha lori ya wachongaji kule Mombasa, wee!"

Hilo lilikuwa kweli. Baadaye sana niliambiwa aliliendesha kutoka stoo hadi getini, na geti lilikuwa wazi.

Nikasitasita. Akanitazama kwa huruma. "Leta hiyo ufunguo. Ama unataka nikusemee kwa mzee nikiwa na kinyongo?"

Ukishampa mtu ulimi wako, umempa na mifuko yako. Nikatoa ufunguo.

Alipakia twiga kumi na wanne. Aliwafunga kwa blanketi zangu mbili, na yule mkubwa kuliko wote, mrefu kunishinda mimi, akamlaza kutoka mlango wa nyuma hadi katikati ya viti vya mbele, kichwa kikakaa karibu na gea kama abiria anayetaka kujua njia. Akapitia Mutomo na Ikutha, vumbi na mawe, hakugonga hata kuku. Akaingia kwenye lami Kibwezi salama. Ni kwenye lami, barabara imenyooka, karibu afike Kambu, ndipo alipogeuka kuangalia kama masikio ya yule twiga mkubwa yanasuguana na kiti. Akaridhika kwamba hayasuguani. Alipotazama mbele tena, kulikuwa na lundo la kokoto la watu wa barabara, na gari lilikuwa tayari limeanza kulipanda.

Habari ilinifikia shuleni wakati wa mapumziko ya saa nne, siku mbili baadaye. Rafiki yangu alisimama mlangoni mwa darasa langu, shati limechanika begani, bandeji juu ya jicho, kambeba twiga mdogo mikononi.

"Nimekuletea zawadi," akasema.

"Gari iko wapi?"

"Gari iko sawa." Akamhamishia twiga mkono mwingine. "Upande wa nyuma."

Wanafunzi wangu wa darasa la sita walijifunza maneno siku ile ambayo hayamo kwenye silabasi. Nilimwita kila kitu ninachokijua kwa Kikamba, nikamaliza, nikaendelea kwa Kiswahili. Yeye aliitikia kwa kichwa kama anayesikiliza mahubiri. Niliponyamaza kutafuta pumzi, akaniambia jambo ambalo nadhani alifikiri litanituliza.

"Lakini twiga hawakuvunjika. Hata sikio."

Sitaki kudanganya: nililia. Sikulilia bati. Nilisikia tena ile sauti ikiuliza nitamwona lini, nikaona zile wiki saba zimebaki tano na nusu, na gari la kujibia swali limekunjwa juu ya kokoto. Nilifunga mlango wa stoo ya madaftari nikalia humo, kisha nikarudi kufundisha kugawanya kwa nambari mbili. Rafiki yangu alikuwa bado amesimama pale nje.

"Unajua mimi sina kitu," akaniambia. "Lakini mikono niko nayo. Hiyo gari nitaitengeneza na hii mikono, na itakuwa poa kuliko vile ilikuwa."

"Wewe ni fundi wa twiga," nikamwambia.

"Sasa gari ni kubwa kushinda twiga?"

Lori la kubeba makaa lilituvutia mabaki mpaka Kitui kwa mnyororo. Nilishika usukani njia nzima, nikila vumbi la mtu mwingine. Boneti ilikuwa imekunjwa kama bahasha. Redieta ilikuwa imekumbatia feni, taa zote mbili zimekufa, dashibodi imepasuka katikati, na yule simba wa chuma aliruka vichakani karibu na Kambu. Pengine hadi leo yuko huko akiwinda panya.

Fundi wa bodi alikuwa nyuma ya soko, chini ya mabati manne na nguzo tatu. Alikuwa mlokole wa kweli, na alikuwa na masharti yake. Kwanza, hagusi gari kabla ya kusikia kisa chote, amekaa juu ya debe la oili, macho kayafumba. Pili, alipiga bati kwa nyimbo. Palipobonyea sana alitumia nyundo kubwa na nyimbo za ibada, zile ndefu za kuburuta. Akifika kwenye kunyoosha alishika nyundo ndogo na kuingia pambio. Ukipita sokoni ungejua kazi imefika wapi bila kuchungulia.

Rafiki yangu akamweleza kisa. Fundi akafumbua jicho moja.

"Twiga kumi na nne?"

"Kumi na nne."

"Na hakuna mmoja alivunjika?"

"Hata sikio."

Fundi alicheka akaanguka kutoka kwenye debe. Alipoinuka alijifuta mikono, akaomba kwa sauti kwa ajili ya gari, kwa ajili yangu, na kwa kirefu kwa ajili ya akili ya rafiki yangu, kisha akachukua nyundo kubwa.

Wiki mbili zikaenda kwa nyimbo za ibada. Boneti mpya ilitoka kwenye gari jingine lililokufa, ya buluu, na buluu ikabaki. Redieta ikazibwa, feni ikanyooshwa. Kwenye kichungi cha hewa fundi alikuta ndengu, panya alikuwa amefanya ghala tangu enzi za hedimasta, na zilipotolewa gari likaanza kupumua kama lililotoka hospitalini. Lakini vitu vya mbele, vile vya urembo, na dashibodi, havikupatikana Kitui wala Machakos. Rafiki yangu akaja na gogo la mukau begani.

Mukau ni mti wetu. Mchwa hauli, maji hayauozeshi, na mbao yake ina wekundu wa chai isiyo na maziwa mengi. Fundi akalitazama gogo, akanitazama mimi.

"Hii ni gari ama ni kabati?"

"Wewe piga bati yako," rafiki yangu akamwambia. "Uniachie mahali bati imeisha."

Wakashindana. Nasema bila aibu kwamba sijawahi kufaidika na ugomvi wa watu wawili kama nilivyofaidika na ule. Mchongaji akatengeneza dashibodi nzima ya mukau, yenye shimo la kuwekea Biblia na jingine la chupa ya soda. Fundi naye, asishindwe, akainua gari kwa springi za pikapu, likasimama juu kama mbuni. Mchongaji akaweka fito sita za mbao mbele ya redieta, zimelainishwa mpaka zinateleza. Fundi akafunga honi ya lori. Mchongaji akatia kichwa cha ndovu kwenye mkono wa gea. Fundi akashona viti upya kwa turubai ya kijani na akamwambia mwenzake kwamba Mungu humpinga mwenye kiburi. Kila nikitoka shule nilipita pale, na kila nikipita hasira yangu ilikuwa imepungua kidogo, jambo lililonikasirisha.

Likabaki pengo puani, pale alipokuwa simba.

"Bila simba hii gari ni kama mzee bila kofia," rafiki yangu akasema. "Nitachonga."

"Umewahi kuona simba?"

"Hapana. Wewe?"

Hata mimi sikuwahi. Wazungu huvuka bahari kuja kutazama simba wetu, na sisi wawili, wenye umri wa kuoa, tulimjua kwa picha ya kitabu cha darasa la tatu. Akachonga siku nne, akifunika kazi yake kwa gunia kila nikikaribia. Siku ya tano akamfunga puani kwa skrubu nne ndefu, akavuta gunia.

Alikuwa wa ukubwa wa boga. Pua pana. Mikunjo mitatu kwenye paji la uso, mdomo umevutwa chini upande mmoja, alama ndogo juu ya nyusi ya kulia, na manyoya yamemzunguka shingoni kama kola. Hakuwa simba wa kitabu cha darasa la tatu. Lakini alikuangalia, na ukiangaliwa naye ulijisikia umechelewa kanisani.

"Ni mkali," nikasema.

"Ni mkali sana," rafiki yangu akakubali, akainama kutafuta kitu kwenye mfuko wake wa vyombo.

Hapo ningeuliza. Sikuuliza. Nilikuwa nimempenda simba wangu. Kwa wiki mbili zilizobaki, kila asubuhi nilimpaka rangi ya viatu, nikamsugua kwa kitambaa mpaka paji likang'aa, nikampiga kofi la mapenzi shavuni na kumwambia, "Amka, mshenzi wewe, twende kazi." Wanafunzi walinyamaza nikiingia getini. Nilidhani ni springi.

Jumamosi ya ntheo tukaondoka mapema. Nilikuwa mimi, rafiki yangu, baba yangu mdogo aliyelala kuanzia Kitui hadi mwisho wa safari, na mbuzi watatu nyuma, mmoja akitafuna turubai ya kijani. Tulizunguka Machakos, tukashuka mpaka mji wa Wote, na gari halikukohoa hata mara moja. Mlima uliokuwa ukinishinda na abiria wanne nikaupanda na mbuzi juu. Rafiki yangu akaimba. Nikamsamehe mahali fulani kabla ya Wote, ingawa sikumwambia.

Matiliku wanawake wa kanisa walikuwa wamejipanga uwanjani wakiimba. Nikaingia polepole, pua mbele, jua limempiga simba usoni. Wimbo ukaanza kukatika, kwanza safu ya mbele, halafu ya nyuma. Katika ukimya huo mtoto mmoja akapiga kelele kwa furaha.

"Ni babu!"

Wengine wakacheka, wakajiziba midomo. Nikashuka, kichwa chini kama ilivyo desturi, nikaviona vile viatu vikija. Uzi wa kahawia. Vikasimama mbele ya boneti. Vikakaa pale. Vikakaa mno, mpaka thoni ikanishinda, na kwa mara ya kwanza nikainua macho kupita kola.

Pua pana. Mikunjo mitatu. Mdomo umevutwa chini upande mmoja, kovu dogo juu ya nyusi ya kulia. Nikamtazama mzee, nikamtazama simba, nikamtazama mzee. Nikakumbuka rangi ya viatu. Nikakumbuka kofi. Nikakumbuka nilichokuwa nikimwita kila asubuhi.

"Hii ni nini?" mzee akauliza.

"Ni simba, mzee," rafiki yangu akasema.

"Simba gani iko na kovu hapa?" Na akaweka kidole kwenye kovu lake.

Nyuma yetu mama mmoja wa kanisa akasema kwa sauti ya kunong'ona ambayo ingesikika Kambu, "Aiya! Si watu wa Kitui hao? Wamechonga mtu. Kesho watampigilia msumari."

Ndipo nikaelewa tulivyokwisha. Simba wa chuma kutoka Ulaya ni urembo. Simba wa mti kutoka Kitui, mwenye sura ya mwenye boma, amefungwa skrubu nne na kuletwa siku ya kuchukua binti, huyo hana jina ila moja. Mke wangu mtarajiwa alikuwa amesimama mlangoni kwa nguo yake mpya, mikono mdomoni. Nilikuwa nampoteza mbele ya macho yangu, na kosa ni adabu. Mimi peke yangu katika boma lile ndiye nisiyejua baba mkwe wangu anafananaje.

Rafiki yangu aliona hali, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa na haya.

"Mzee, nitasema ukweli. Mimi sijawahi kuona simba. Nikajiuliza, ni nani nimeona akanishtua namna hiyo? Nikakumbuka ile siku ulituuliza utamwona mtoto lini. Mikono ikaenda yenyewe."

Akakimbilia mlango wa nyuma, akachomoa tezo lake kati ya mbuzi, akarudi.

"Naitoa saa hii. Naikata iishe."

Akainua tezo. Mzee akaruka mbele kama kijana.

"Wewe! Unanikata kichwa? Kwangu? Mke wangu akiangalia?"

Tezo likabaki hewani. Hapo tulipofika hapakuwa na njia: kumwacha pale ni uchawi, kumkata ni uuaji. Mbuzi akalia. Mzee akapumua kwa pua ile pana, akauliza swali jingine, na hili lilikuwa baya zaidi.

"Kwanza, ile simba ya chuma ilienda wapi? Gari ya namna hii hutoka nayo. Nimeziona."

Tulikuwa tumeapa kutosema. Baba gani angempa mtoto wake mtu ambaye gari lake lililala juu ya kokoto? Rafiki yangu akanitazama, na kwenye macho yake nikaona atabeba uongo wowote nitakaompa. Nilichoka.

"Ilipotea Kambu, mzee," nikasema mwenyewe, kinyume cha desturi. "Gari iligonga kokoto."

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Ni gari yangu," nikasema, na wakati huohuo rafiki yangu akasema, "Ni mimi."

Mzee akatuangalia mmoja mmoja. Kitu kikaanza kusogea usoni mwake.

"Ngoja. Kambu? Ni wewe yule wa twiga?"

Kisa kilikuwa kimetutangulia. Watu wa mabasi walikibeba, wakakieneza masoko yote ya upande ule, na mzee mwenyewe, tuliambiwa baadaye, alikisimulia mara mbili kwenye kikao cha wazee wa kanisa kabla ya maombi.

"Ni mimi," rafiki yangu akasema kwa sauti ndogo.

"Na ni kweli hakuna mmoja alivunjika?"

"Hata sikio, mzee."

Mabega ya mzee yakaanza. Akajizuia, akashindwa, akashika boneti ya buluu kwa mikono miwili akacheka mpaka kofia ikaanguka, uso kwa uso na simba aliyekuwa bado amekasirika. Mama mkwe akacheka. Wanawake wa kanisa wakacheka, hata yule wa msumari. Baba yangu mdogo akaamka, akauliza kama tumefika.

Mzee alipojifuta macho akawa mtu wa kazi. Akataka injini iwashwe, ikawaka. Akazunguka, akapiga teke gurudumu, akachungulia ndovu wa gea na shimo la Biblia. Akaniambia nipige honi. Nikapiga. Mbuzi wote watatu wakajikojolea na kunguru wakaruka mitini.

"Hiyo," mzee akasema, "nitaisikia ukiwa bado kule mlimani. Mwisho wa mwezi nikiisikia, nijue ni mtoto wangu."

Kisha akapiga magoti na suruali yake ya pasi, akamshika simba mashavu asianguke wakati rafiki yangu akifungua zile skrubu.

"Na hii inabaki hapa," akasema. "Sura yangu haiendi Kitui."

Tukachinja.

Nilitimiza ahadi, karibu yote. Ilitushinda miezi ya mvua kubwa, na mwezi wa kila mtoto kuzaliwa, na mara moja giaboksi. Miezi mingine yote, nikifika juu ya mlima nilipiga honi, na tukiingia uwanjani mzee alikuwa amesimama getini na viatu vyake. Simba alikaa kwenye dirisha la sebule akitazama barabara. Mama mkwe alimwambia mke wangu kwamba kila mwisho wa mwezi mzee humpangusa vumbi kwa upindo wa shati, akidhani hakuna anayemwona. Mbele yetu alimwita "ile takataka yenu." Rafiki yangu alipokuja nasi, yeye na mzee walikaa nje wakibishana kuhusu pua. Mzee alisema ni pana mno.

Mwaka aliougua, mwishoni mwa miaka ya themanini, daktari aliyeujua vizuri ugonjwa wake alikuwa Kitui, kwa hivyo akakubali kuja kukaa kwetu. Alinung'unika njia nzima. Mama mkwe alibaki na shamba, lakini alimfungia mzigo mwenyewe, na tulipofungua tukakuta Biblia, sweta mbili, na chini kabisa, ndani ya taulo, simba. "Mama yako ana wazimu," mzee alimwambia binti yake, na akaonyesha tumweke wapi ili amwone akiwa kitandani. Aliishi nasi wiki sita. Kila jioni ya wiki hizo sita alimwona mtoto wake, na hakulalamika tena kuhusu umbali.

Siku ya kumrudisha nyumbani tuling'oa viti vya nyuma, jeneza likaingia kamili. Rafiki yangu alikuja bila kuitwa, kimya, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alikuwa na bisibisi. Skrubu zile nne alikuwa amezitunza miaka yote kwenye kopo, pamoja na vyombo vyake. Alimfunga simba puani, akamgeuza kidogo mpaka akanyooka, mke wangu akamwambia sawa. Mchungaji aliona, akafungua Biblia yake na kuanza kusoma.

Niliendesha. Kutoka kiti cha dereva nilikiona kisogo tu, kile cha mukau, kikitangulia Machakos yote na Wote yote, na ndivyo hasa nilivyozoea kumwona mzee, bila uso. Juu ya mlima mguu wangu ulipunguza mwendo wenyewe. Nikamwangalia mke wangu. Akasema, "Piga." Nikapiga honi.

Mama mkwe alikuwa getini. Nilisimamisha gari mbele yake, nikazima. Hakutuamkua. Alifungua leso yake kiunoni, akainama, akamfuta vumbi usoni yule wa mbele, polepole, mikunjo mitatu na kovu. Halafu akazunguka nyuma ili amfute na yule mwingine.